Beseni Lililorudi Limejaa

Mwanangu Zaina,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako, na juu ya kila atakayekuwa karibu nawe utakapoifungua barua hii. Hujambo? Boti imekufikisha salama, au ziwa limewatikisa? Na tumbo, linasemaje? Nakuuliza tumbo kabla ya shangazi yako, kabla ya shule, kwa sababu katika nyumba hii habari ya afya yako imeanzia tumboni tangu ulipokuwa na miaka miwili. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimia, bibi yako anakusalimia na anasema usisahau kumswalia Mtume ukiwa juu ya maji. Lakini nikikuandikia kwamba moyo wangu umetulia nitakuwa nimesema bongo, uongo mtupu. Nina hasira. Kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe.

Sasa hivi ni baada ya sala ya alasiri. Weye umekwenda kuaga wenzako. Chicha ya nazi iko inakauka juu ya mkeka hapa uani, na kila mistari miwili lazima niinuke nifukuze kuku. Kesho asubuhi tutakusindikiza mpaka bandari ya Kalundu, utapanda boti ya Kalemie, na barua hii utaikuta ndani ya mfuko wa unga. Nitaiweka humo kwa kusudi. Mfuko mwingine wowote ungeweza kuufungua baada ya wiki.

Sitakuandikia habari ya mzigo, wala chandarua, wala kuamka mapema. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Barua hii ni ya jana.

Jana shangazi yako Mariamu alipiga simu, na weye ukaiweka juu ya meza ili wote tusikie. Akasema, na nakumbuka kila neno: "Aje, mutoto aje, nyumba iko ya kaka yangu. Lakini minye asubuhi kwangu ni chai na mukate. Sina nguvu ya kupikia mutoto wa masharti. Mukate kidogo haujaua muntu." Na weye, Zaina, ukacheka. Ukasema, "Usijali shangazi, nitakula kama wengine. Hata siyo mambo mingi."

Nilikuwa nimeshika chekeche. Nikaliweka chini, nikatoka nje. Ulidhani nakwenda kuangalia makala ya jikoni, kama moto umezimika. Nilikwenda kushika ukuta.

Nilikukasirikia weye kwanza, sitakuficha. Nilisema moyoni: miaka kumi na moja ninasaga, ninatwanga, ninaunguza vidole, na huyu anaicheka mbele ya simu? Halafu nikamkasirikia shangazi yako. Nikamkasirikia na yule wa kwanza duniani aliyesema kidogo hakiui, maana kidogo ndicho kilichokuwa kinakuua weye, kidogo kila siku, asubuhi na jioni. Usiku hasira ikazunguka kwa kila mtu ninayemjua. Alfajiri, nilipokuwa bado nimekaa juu ya mswala, ikarudi nyumbani kwa mwenyewe.

Maana nilijiuliza: kwa nini Mariamu anadhani ugonjwa wako ni masharti? Yeye si mwanamke mbaya. Jibu nilikuwa nalo. Alikuwepo siku ile ya Idi. Unajua siku gani. Weye na minye hatujawahi kuitaja, miaka minane sasa. Leo nitaitaja, lakini niache nianzie mbali kidogo, nikianzia palepale mkono utanigomea.

Ulipoacha kunyonya ulianza kukonda. Mikono kama vijiti, tumbo kama ngoma, na kuhara kusikokwisha. Watu walisema minyoo, tukakupa dawa ya minyoo mpaka mnesi akaona aibu kutuandikia nyingine. Wakasema umeangaliwa na jicho baya, tukakunywesha kombe la aya, nikajiuliza nani ananichukia hivyo, nikamnunia jirani ambaye hakuwa na kosa lolote. Na wakati wote ule, Zaina, mama yako alikuwa anauza maandazi. Maandazi ya ngano, hapa Kimanga, kila asubuhi mabeseni mawili. Yale yaliyovunjika nilikuwekea weye. Nilikuwa nasema, huyu hana nguvu, mwongezeni. Ukilia tumbo, nakupa andazi unyamaze. Wenzako walipata moja, weye ulipata matatu. Nilikulisha ugonjwa kwa mkono wangu wa kuume, tena kwa Bismillahi.

Ulikuwa na miaka minane tulipompata yule daktari mwanamke mgeni. Alikuwa wa kwanza kuuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: "Mama, anakula nini?" Nikamjibu kwa kujisifu, "Dokta, chakula hakimkosi, maandazi yamejaa nyumbani." Aliweka kalamu chini. Akachukua damu, ikapelekwa mbali, na jibu liliporudi akatueleza kwamba ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, na tumbo lako likikutana nacho linajipiga lenyewe mpaka linakwisha. Hakuna dawa. Dawa ni kuacha, maisha yote, hata punje. Minye nilisikia, "hata punje," nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sikuelewa. Nilielewa kwamba nikunyime andazi. Sikuelewa kwamba nyumba yenyewe ilikuwa andazi: meza, kitambaa, mikono yangu, hewa ya asubuhi nikipepeta unga na weye umelala mkeka wa pembeni.

Nikaanza kutafuta unga mwingine. Hapo nilifanya makosa ambayo leo yanachekesha, na wakati ule yaliniliza. Unga wa muhogo peke yake ulinipa keki inayonata kama gundi ya viatu. Unga wa mchele peke yake ulibomoka kabla ya kufika mdomoni. Halafu nikasikia kwamba nazi inaweza kuwa unga. Nikachukua chicha, yale makapi ya nazi za Kigoma niliyokuwa nawatupia kuku, nikaikausha, nikaitwanga, nikaipika kwa vipimo vile vile vya ngano, kikombe kwa kikombe. Jirani yetu alipita akaigonga na kijiko. "Mama Zaina," akasema, "umeanza kuchoma matofali? Niwekee mia mbili, najenga choo." Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimfukuza na mwiko, lakini alikuwa na haki. Sikujua kwamba unga wa nazi una kiu. Ukiupa maji ya ngano unakunywa yote na kubaki mkavu, unakudai mayai, na mayai tena, na unataka uwe kidogo katikati ya unga mwingine, kama mgeni, siyo kama mwenye nyumba.

Aliyenitoa gizani ni bibi yako. Alikuja akaniona nalia juu ya sufuria, akauliza nini, nikamwambia namtafutia mtoto mkate usio wa ngano. Akanitazama kama mtu anayetazama kichaa. "Na mukate wa kumimina je? Mama yangu alikuwa anapika na ngano gani?" Mchele uliolowekwa, tui la nazi, hamira, iliki, makala chini na makala juu ya mfuniko. Ulikuwa katika ukoo wetu tangu hao wazee waliokuja ziwani kufanya biashara. Tuliuacha minye na dada zangu kwa sababu tuliona ni chakula cha wazee, na ngano ya depo, ya magunia ya ghala, ndiyo ya watu wa kisasa. Hilo nalo linanipa hasira. Uponyaji wako ulikuwa jikoni kwa bibi yako, tukauona ni ushamba.

Basi tukatengeneza mchanganyiko wetu. Mchele wa Kiringye, kwa sababu ni mweupe na hauna harufu. Chicha kidogo. Muhogo konzi moja wa kushikanisha. Na karanga, kwa sababu ulikuwa mifupa mitupu na daktari alitaka unenepe. Karanga ndizo zilizotuponza.

Unakumbuka karanga nikizitwanga peke yake zinakuwa siagi. Kuna njia: uzikaange kidogo tu, zipoe kabisa, ndiyo uzichanganye na mchele mkavu na kutwanga polepole, unachekecha, unatwanga tena. Nusu siku kwa beseni moja. Minye nikachoka. Nikasema, yule mzee Papa Bahati ana mashini ya kusaga. Nikawa nachanganya karanga na mchele, napeleka beseni pale kwake asubuhi, narudi kulichukua baada ya adhuhuri.

Na beseni lilikuwa linarudi limejaa.

Ninataka usome mstari huo mara mbili. Lilikuwa linakwenda chini ya ukingo, linarudi limepita ukingo. Na minye nilikuwa nafurahi! Nilikuwa namsifu sokoni: Papa Bahati ana roho nzuri, anakupa matabishi, nyongeza ya bure, hata kwenye unga wako mwenyewe. Zaina, nimesaga unga tangu utoto. Kila mtu aliyesaga anajua kwamba mashini inakula kidogo, unga hauongezeki. Lakini sisi hapa tumezoea kuongezewa. Muuza maharage akikupimia bila kuweka konzi juu, unamwambia ana roho ya jiwe. Basi nilipoongezewa sikuuliza. Nani anauliza matabishi yametoka wapi? Unashika, unasema aksanti, unakwenda.

Weye ukaanza kuugua tena. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mwaka mzima ulikuwa umenona, umekuwa na mashavu, halafu tumbo likarudi, na nywele zikakatika. Na minye, mama yako ninayejua kila kitu, nikajua sababu: unaiba maandazi. Maana bado nilikuwa nayapika ya kuuza, yako palepale kwenye beseni, na mtoto gani atapita bila kugusa? Nikakuuliza kwa upole. Ukasema hapana. Nikakuuliza kwa ukali. Ukasema hapana. Nikayafungia kwenye sanduku na kufuli. Ukazidi kuugua. Nikasema, sasa anaomba kwa majirani.

Ikafika Idi. Nyumba imejaa. Shangazi Mariamu amekuja kutoka Kalemie na watoto wake. Bibi yako yupo, jirani yupo. Ulikula keki yako ya karanga, ile niliyokupikia peke yako, na saa moja haikupita ukatapika mbele ya wageni, juu ya kanga mpya ya shangazi. Mariamu akaruka. Akasema, "Huyu mutoto ana nini?" Na minye kwa aibu, aibu ya kanga na wageni, siyo huruma yako, nikajibu: "Anakula mukate kwa kuiba, halafu anatuharibia sikukuu."

"Minye sikukula, mama," ukasema.

"Unasema bongo."

"Sikukula. Nilikula keki yako tu."

Nikaenda ndani, nikachukua Msahafu. Baba yako akasema, "Mwache mutoto, mama Zaina, ni sikukuu." Nikamwambia asiingilie. Nikakuwekea mbele yako, na weye ulikuwa bado na matapishi kwenye kidevu, nikasema, "Apa." Ukaenda kwanza kunawa. Hilo ndilo linaloniua. Mtoto wa miaka kumi na moja, unakwenda kuchukua udhu ili uweze kugusa kitabu ambacho mama yako anakitumia kama fimbo. Ukarudi, ukaweka mkono, ukaapa. Nikasema, "Rudia." Ukarudia. Nikasema, "Rudia, wasikie wote." Ukarudia mara ya tatu. Na nikawageukia wageni nikasema: "Mumeona? Hata mbele ya Mungu huyu anasema bongo."

Hukulia. Ulirudisha Msahafu mahali pake, ukaufunika kitambaa, ukaenda kulala. Tangu siku ile hukunijibu tena "hapana" kwa jambo lolote. Nilidhani umepata adabu.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda kwa Papa Bahati mapema, kwa sababu nilikuwa na safari ya Makobola kwenye msiba na nilitaka beseni langu kabla ya gari. Nikakaa nisubiri. Nikamwona anamimina karanga na mchele wangu, mashini inakoroma, inakwama. Akaifungua, akainama kwenye ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango, akachota unga mweupe bakuli zima, akaumimina juu. Mashini ikaanza kuimba vizuri. Na ule unga ukashuka pamoja na wangu, ndani ya beseni langu.

"Papa Bahati, hiyo ni nini?"

"A, mama, usiwe na wasiwasi. Karanga inaachaka mafuta, mashini inashikana. Lazima kupitisha unga kavu ya kuisafisha."

"Unga gani?"

"Ya ngano. Vijana wa depo wanafagiaka magunia yakipasuka, wananipatia. Iko safi, minye nachekecha." Akanitabasamia kabisa. "Wengine wanaumwaga chini. Minye hapana, nawaachia wateja, njo matabishi yenu."

Sijui nilipiga kelele za namna gani, maana watu walitoka kwenye vibanda. Nilimwita muuaji. Nilimwaga beseni pale pale mlangoni. Yule mzee alishika kichwa, akasema maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo: "Mama, ungeniambia ni ya mugonjwa. Kila siku unanishukuru. Minye nilijua unapenda."

Kweli. Nilikuwa namshukuru.

Nilirudi nyumbani mbio, safari ya Makobola ikafa. Weye ulikuwa unaosha vyombo. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Ni Papa Bahati. Alikuwa anachanganya ngano mu mashini." Ukasema, "Ndiyo, mama." Basi. Ukaendelea kuosha vyombo. Na minye nikaendelea kumlaani Papa Bahati, siku hiyo, wiki hiyo, mwezi huo. Nilimchafua mtaa mzima. Nikakuchinjia kuku. Nikakununulia viatu. Nikaacha kupika ngano kabisa ndani ya nyumba hii, wateja wakaniacha, nikaanza upya na vitumbua na keki za nazi, na leo wazee wenye sukari pale msikitini wananiagiza minye peke yangu, wanasema unga wa nazi unawafaa. Minye si daktari, nawapikia tu. Nilifunga siku tatu, bila mtu kuniambia, nikiomba Mungu anisamehe kiapo chako. Nilifanya yote hayo. Kitu kimoja sikufanya. Sikukuambia, "Ulisema kweli, na minye nilikuwa mwongo. Nisamehe." Na sikurudi kwa wale niliowageukia siku ya Idi.

Unajua kwa nini? Kwa sababu kumkasirikia Papa Bahati ni rahisi. Hasira hiyo ilinipa kazi ya kufanya. Na kuomba radhi kwa mtoto, kwetu, nani alinifundisha? Mama yangu hajawahi kuniomba radhi kwa lolote. Lakini haki ya mtu haiondoki kwa kufunga, mpaka mwenye haki asamehe. Hilo nilifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa mdogo kuliko weye wa siku ile, nikalisahau kwa kusudi.

Basi jana ulipocheka na kusema utakula kama wengine, alfajiri nikaelewa. Hukucheka kwa ujinga. Weye unajua ngano inakufanya nini kuliko mtu yeyote. Umecheka kwa sababu ulishajifunza, kwangu, kwamba ukisema kweli kuhusu tumbo lako, hata ukiapa mara tatu, haisaidii. Bora kula na kuumwa kimya. Somo hilo nilikufundisha minye, mbele ya mashahidi, na mmoja wa mashahidi ndiye unakwenda kukaa nyumbani kwake. Nimeupa ulimi wa Mariamu neno lile la "masharti." Nimekutangulia Kalemie kukuharibia jina.

Ninakasirika hata sasa nikiandika. Lakini hasira bila kazi imenichosha.

Leo baada ya adhuhuri, ulipokuwa unanunua sabuni, nilikwenda kwa bibi yako. Jirani nilimpitia njiani, nikamwambia, "Njoo, nataka unisikie." Akauliza, "Kuna matofali mapya?" Nikamwambia kuna mabaya zaidi. Baba yako naye akaja. Tukampigia Mariamu, simu juu ya mkeka, sauti wazi, kama ya jana. Sikumpa nafasi ya salamu ndefu. Nikasema: "Wifi, ile Idi niliyomwapisha Zaina, mutoto alisema kweli. Mwenye bongo nilikuwa minye. Ngano ilitoka mu mashini, na minye ndiye nilipeleka beseni, na nikashukuru. Nimekaa kimya miaka minane. Nasema mbele ya mama, na mume wangu, na jirani, wale wale wa siku ile."

Bibi yako alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Halafu Mariamu akasema, kwa sauti ya hasira kuliko yangu: "Na miaka yote hii minye namwambia kila muntu mutoto wa kaka yangu ni mwongo? Umenifanya nimebeba zambi yako?"

"Ndiyo, wifi."

"Weye mama Zaina, weye!" Akapumua. Akanitukana kidogo, nikakubali. Halafu akasema, na sauti imeshuka: "Sasa huyo mutoto akifika, mu sahani yake niweke nini?"

Zaina, nililia. Jirani ndiye aliyechukua simu akamweleza: mchele, nazi, muhogo, sufuria yake peke yake. Alieleza vizuri kuliko minye. Kumbe miaka yote alipokuwa anacheka, alikuwa anaangalia.

Sasa nikuambie kuhusu unga, maneno machache, siyo kwa kukuamuru. Huko utaona mifuko mizuri yenye majina, watakuambia hii ni ya karanga, hii ni ya nazi, hii ya korosho. Minye nimekuwa mtu asiyeuliza ni unga wa nini kwanza. Nauliza umepita wapi. Nauliza nini kilisagwa kabla yake. Nanusa: nazi iliyokaa sana inanuka sabuni, karanga mbaya ni chungu kwenye ncha ya ulimi, iteme usimeze. Na nikiona kimerudi kingi kuliko kilivyokwenda, sisemi aksanti. Kinu kidogo kiko chini ya mzigo wako, kile cha mti mweusi. Hakijawahi kugusa ngano. Ni kizito, utanilaumu bandarini, lakini hakina ndoo nyuma ya mlango.

Na mtu akikuambia kidogo hakiui, usicheke. Kasirika. Nakuruhusu. Umekuwa mpole kupita kiasi tangu siku ile, na upole huo ni kidonda nilichokutia. Sema "hapana" kama ulivyosema kabla sijakuletea Msahafu. Sema mara moja tu. Asiyekuamini mara ya kwanza, usiape, inuka uende ukajipikie.

Sasa ninalosema ni langu. Ulisema kweli. Mara tatu ulisema kweli, umenawa, na mkono wako juu ya kitabu, na minye nilikusingizia mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nisamehe, mwanangu. Sikukuambia kwa mdomo leo kwa sababu ungesema "ndiyo, mama," na kuendelea kufunga mzigo, na ndiyo yako hiyo siitaki tena. Nataka ukae na barua hii huko, mbali na macho yangu, ambako unaweza kukasirika bila adabu. Ukiona bado huwezi kusamehe, andika kwamba huwezi. Nitaisoma hiyo nayo kwa Bismillahi.

Kuku wamefika kwenye chicha, na namsikia baba yako anakuita mlangoni, kumbe umerudi. Naikunja.

Nijibu upesi, usingoje mtu wa kumpa barua, hata kwa simu andika. Niambie umekula nini asubuhi ya kwanza, na ulimwambia shangazi yako nini.

Mama yako